Maua ya matunguu kwa mwisho wa kiangazi: mwongozo kamili wa bustani ya nyumbani Nakuru

Pakiti ya kwanza ya gladiola niliyowahi kununua ilikuwa na picha ya maua mekundu marefu, na nyuma yake maandishi madogo: panda Aprili, yatachanua Agosti na Septemba, mwishoni mwa kiangazi. Nikapanda Aprili. Agosti ilipofika mashina yalikuwa yamenifika kifuani na vichwa vimevimba. Siku mbili kabla ya kufunguka ikanyesha mvua ya mawe, dakika kumi tu. Nilipotoka nje nilikuta bedi limelala kama nyasi iliyolaliwa na ng'ombe.

Pakiti haikunidanganya, ila haikuwa inaongea nami. Agosti ya Uholanzi ni kiangazi; Agosti ya Nakuru ni mvua. Mwisho wa kiangazi chetu ni Februari na Machi, wakati nyasi imekuwa rangi ya gunia, majani ya mparachichi yamebeba vumbi, na uani hakuna kinachochanua ila bogenvilia ya kwenye uzio. Hapo ndipo ua linapotamaniwa. Ndipo pia Pasaka inapokaribia, akina mama wa kanisa wanaanza kuulizana nani ana cha kuweka madhabahuni. Mwongozo huu unalenga hapo hapo: kuwa na maua ya matunguu kuanzia wiki ya mwisho ya Februari hadi mvua za Aprili zikolee.

Hesabu siku, achana na miezi ya pakiti

Nakuru iko jirani kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850. Mchana wetu ni wa saa 12, Januari hadi Desemba, na baridi ya kugandisha udongo hatuijui. Tunguu la hapa linaongozwa zaidi na maji. Ukilipa linaamka, ukilinyima kwa muda wa kutosha linalala. Mimea inayodai baridi ndefu ndipo ichanue, kama tulipu inayotaka wiki 12 au zaidi za baridi ya friji, mimi nimeisamehe. Nimeona mtu akizilaza tulipu miezi mitatu ndani ya friji, kando ya maziwa, ili apate ua moja lenye shina la urefu wa kidole.

Mvua za Nakuru huja kwa vilele vitatu: Aprili na Mei, kisha karibu na Agosti, kisha kidogo Novemba. Desemba hukauka polepole, Januari na Februari ni kavu. Mpango wangu unafuata ratiba hiyo: panda udongo ukiwa bado na unyevu wa Novemba, kuza kwenye jua kwa maji ya mkono, vuna maua kabla mvua kubwa haijafika, halafu acha matunguu ya gladiola yalale chini ya paa wakati wenzako wanapalilia mahindi.

Gladiola hapa kwetu huchukua siku 80 hadi 100 tangu kupandwa. Ukiipanda tarehe 1 Desemba, ua la kwanza litakuja kati ya tarehe 19 Februari na tarehe 11 Machi. Usipande zote siku moja. Zigawe mafungu matatu, tarehe 1, 10 na 20 Desemba, la sivyo utakuwa na maua mengi ya kugawa wiki moja na bedi tupu wiki inayofuata. Dalia hutaka wiki 10 hadi 12, kwa hiyo viazi vyake vinaingia ardhini katikati ya Novemba. Tuberosi ni mvivu, miezi minne au zaidi kwenye ubaridi wa Nakuru. Yeye anatangulia, katikati ya Oktoba. Amarilisi ina hesabu yake tofauti, nitaifikia.

Yapi ya kupanda

Kama una nafasi ya bedi moja tu, panda gladiola. Haichukui eneo, inahesabika kwa siku, na shina moja linajaza chombo. Tena si mgeni kabisa: mmoja wa wazazi wa gladiola za bustani ni Gladiolus dalenii, ambayo inaota porini humu Kenya na nchi nyingi za Afrika. Tunguu lake halina maganda ya ndani kama kitunguu. Ukilikata ni nyama tupu, kama nduma ndogo iliyobanwa.

Dalia ni ya anayependa ua la kukata kila siku. Ukianza kuikata haikomi miezi mitatu. Asili yake ni Meksiko, milimani, ndiyo maana inaridhika na usiku wa baridi wa Nakuru. Kinachopandwa ni mizizi iliyonenepa kama viazi vitamu.

Tuberosi ni ya harufu. Ua ni jeupe, dogo, halina makuu, lakini jioni jua likizama harufu yake inaingia hadi chumbani. India huisuka kwenye mataji ya arusi. Jua tu kwamba tunguu moja huchanua mara moja maishani. Baada ya hapo linazaa watoto pembeni, na hao ndio utakaowalea. Aliyenunua matano akitegemea yachanue kila mwaka atadhani ameuziwa mabovu.

Amarilisi, lile tunguu kubwa kama kitunguu cha kachumbari lenye maua kama tarumbeta, watu wengi wanalo tayari kwenye nyumba za zamani bila kulijua jina. Omba, usinunue. Na kama kwenu kuna lile ua jekundu la mviringo linalochomoza mvua za kwanza likiwa halina jani hata moja, mfano wa brashi ya kusugulia chupa, liache lilipo. Linajua kazi yake kuliko sisi.

Neno kwa wenye watoto na mbuzi: tunguu la amarilisi lina sumu, na gloriosa, ile yenye maua ya ndimi za moto inayopanda uzio, ina sumu mbaya zaidi. Kiazi cha gloriosa kimewahi kuua watu waliokidhania ni kiazi cha kula. Usikihifadhi jikoni kwa namna yoyote.

Kununua bila kupigwa

Shika tunguu mkononi. Liwe zito kwa ukubwa wake na gumu. Ukibonyeza chini kwa kidole gumba na pakabonyea, rudisha. Kwa gladiola watu hukimbilia lile pana zaidi, na hapo ndipo wanapokosea. Tunguu pana lililobapa kama sahani ni zee. Lililo na mgongo, yaani limeinuka katikati kama chapati iliyofura, ndilo kijana, hata kama ni dogo kidogo. Ligeuze uangalie kovu la chini lilipotoka kwenye mama yake: kovu dogo ni dalili nzuri. Ukilizungushia uzi, uzi uwe sentimita 10 kwenda juu. Chini ya hapo unaweza kupata majani matupu mwaka wa kwanza.

Kwa dalia, kiazi peke yake si kitu. Jicho halikai kwenye kiazi, linakaa pale shingo inapokutana na shina la zamani. Kiazi kinene kizuri kilichovunjika shingo kitakaa ardhini hadi kioze bila kutoa hata chipukizi moja. Mwambie muuzaji akuonyeshe jicho. Kama hajui unachosema, nenda kwa mwingine.

Udongo na bedi

Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unapitisha maji haraka. Kwa matunguu hiyo ni neema, maana tunguu huoza kwa maji yaliyotuama kabla halijafa kwa kiu. Ila unapitisha pia chakula. Lima kina cha jembe moja na nusu, karibu sentimita 30, kisha changanya nusu debe la samadi iliyooza kabisa kwa kila mita moja ya mraba. Samadi iliyooza haina joto na hainuki ng'ombe. Ukiishika inanuka msitu. Ile mbichi ya jana itaunguza tunguu na kuleta ukungu. Ongeza konzi mbili za majivu ya jikoni kwa mita.

Mbolea ya supafosfeti siiweki kwenye bedi la gladiola; sababu iko kwenye sehemu ya maji. Bedi lipate jua angalau saa sita kwa siku, na lisiwe pale ulipokuwa na gladiola mwaka uliopita.

Kupanda

Usilimenye tunguu la gladiola likabaki uchi. Ganda la nje lililolegea litoe, lililoshika liache. Chimba mfereji wa sentimita 12, au 15 kama udongo wako ni mwepesi sana, maana kina ndicho kinachoshika shina upepo ukija. Panga matunguu umbali wa kiganja kimoja, chipukizi juu, kovu chini. Fukia, mwagilia mara moja hadi maji yazame vizuri, kisha weka nyasi kavu juu. Baada ya hapo subiri. Chipukizi huchomoza ndani ya wiki mbili au tatu, na kabla ya hapo unyevu wa Novemba unatosha.

Kiazi cha dalia hulazwa, hakisimamishwi, kwenye shimo la sentimita 12, jicho likitazama juu. Acha hatua moja ndogo, sentimita 50 hivi, kati ya shimo na shimo. Na kabla ya kufukia, chomeka fito papo hapo. Ukisubiri mmea ukue ndipo uchomeke fito, utapasua viazi usivyoviona. Usimwagilie dalia hadi chipukizi zionekane. Hili ndilo linalowashinda watu wenye huruma.

Tuberosi: kina cha sentimita 5 hadi 7, karibu na ukuta unaopata jua la mchana, maana inapenda joto na ukuta huutunza moto hadi usiku.

Amarilisi hupandwa chunguni, bega nje ya udongo, theluthi moja ya tunguu ionekane. Hesabu yake ni ya kulazwa. Mwishoni mwa Novemba nalaza chungu kwa ubavu chini ya baraza, mvua isikifikie, simpi hata tone kwa wiki nane hadi kumi. Majani yanakauka, mtu akipita anadhani nimemtupa. Mwisho wa Januari nakisimamisha, namwagilia, na ndani ya wiki tano hadi nane shina nene linapanda na maua yake.

Maji, na siri ya meno

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoteza msimu mzima.

Mwaka wa pili nilipanda kwa wakati. Majani yakatoka kama panga, kijani safi. Kufikia katikati ya Januari ncha zikaanza kuwa kahawia. Si kunyauka: ncha imekufa, kavu kama karatasi, na mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai umenyooka kama umepigwa rula. Kila wiki mpaka unashuka kidogo. Dukani wakaniambia ni ukungu, nikauziwa dawa. Nikapiga. Mpaka ukaendelea kushuka. Nikauziwa nyingine.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kazi ya maabara ya maji. Alisimama kwenye uzio akatazama muda mrefu.

"Binti yangu, unamwagilia maji gani?"

"Ya kisima, mzee. Cha hapo chini, tunachonunua sote."

"Umeangalia meno ya watoto wa hapa?"

"Meno na gladiola, mzee, wapi na wapi?"

"Maji ni yale yale," akasema, akaondoka zake.

Alikuwa anasema madini ya floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huiachilia kwenye maji ya ardhini, ndiyo maana visima vingi vya Nakuru vinazidi kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo maana wengi waliokulia hapa wana meno ya rangi ya chai. Gladiola ni miongoni mwa mimea inayodhurika upesi zaidi kwa floraidi. Kwingineko duniani hupandwa karibu na viwanda makusudi, ili iwe shahidi wa hewa chafu. Mmea huivuta na maji, maji yanatoka kama mvuke kupitia jani, floraidi inabaki nyuma na kurundikana mwisho wa safari, yaani kwenye ncha. Hakuna dawa ya kupuliza itakayoiondoa. Kuchemsha hakusaidii pia. Kunapunguza maji na kuiacha floraidi ikiwa nyingi zaidi.

Dawa ni maji ya mvua. Mvua za Novemba zijaze kila chombo ulicho nacho: gata la mabati, tangi, mapipa ya buluu, hata masufuria ya arusi kama yapo. Bedi la mita 4 kwa 1 hunywa ndoo mbili za lita 20 kila mara, mara mbili kwa wiki, tangu majani matatu yatoke hadi maua yafunguke. Hiyo ni kama wiki nane, karibu lita 640. Tangi dogo la lita 1,000 linatosha na kubakiza. Kama huna tangi, maji ya mvua yaweke kwa gladiola na tuberosi, yale ya kisima umpe dalia. Na ile supafosfeti niliyoikataa hutengenezwa kwa mwamba wenye floraidi ndani yake. Haina maana kuifukuza mlangoni ikaingilia dirishani. Majivu, kwa upande wake, hupunguza tindikali ya udongo, na udongo usio na tindikali huachia floraidi kidogo kwa mizizi.

Mwagilia asubuhi, chini ya majani. Ukitaka kujua kama ni kiu au floraidi: kiu hulegeza jani zima na jioni likishapata maji linasimama; floraidi hailegezi kitu, inaua ncha tu na hairudi.

Mbolea ya juu na fito

Majani matatu yakitimia, weka mbolea ya CAN, kifuniko kimoja cha soda kati ya mimea miwili, usiguse shina, funika na udongo. Rudia mara moja tu pale unapohisi shina la maua limevimba ndani ya majani. Unalihisi kwa vidole kabla hujaliona. Dalia ipunguzie: ikizidi CAN inakuwa kichaka kizuri kisicho na ua.

Dalia ikifikisha jozi nne za majani, kata kichwa cha katikati. Inauma kufanya hivyo mara ya kwanza. Lakini shina moja litakuwa manne, na mmea hautaangushwa na upepo wa Februari. Fungia kwenye fito kwa kamba ya katani, fundo la umbo la nane, shina lipate pa kupumua. Kwa gladiola nazungusha kamba mbili upande na upande wa mstari mzima, moja kwenye goti, moja kwenye kiuno, badala ya fito kwa kila mmea.

Fuko

Anayelima Nakuru bila kumtaja fuko hajalima. Asubuhi unakuta mmea umeinama bila sababu. Ukiuvuta unakuja mkononi, umekatwa chini kama kwa kisu, tunguu halipo. Kando yake kuna kilima cha udongo laini kisicho na tundu. Huyo hali tu, anaweka akiba. Nilipoteza matunguu 30 kwa wiki moja.

Mtegaji niliyemwita alitembea uani akigonga ardhi kwa kisigino, akachimba mahali pamoja na kufungua njia. Akatega kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye fito iliyopindwa. Ufundi wote uko kwenye tabia ya fuko: hapendi mwanga na upepo ndani ya njia yake, akihisi tundu huja haraka kuliziba, na kitanzi kinamngoja. "Mama, hapa si mmoja, hapa ni ukoo," aliniambia. Alitoa wanne kwa siku tatu, akalipwa kwa kichwa.

Tangu hapo naweka waya wa kuku wenye matundu madogo chini ya kila bedi, kina cha sentimita 40, na kuupandisha pembeni hadi usawa wa ardhi. Ni kazi ya siku nzima na gharama ya mara moja. Sumu sitii, kwa ajili ya paka na bundi.

Wadudu na ukungu, kwa ufupi

Michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani ya gladiola, na vichwa visivyofunguka vizuri, ni vithiripi, wadudu wadogo sana. Puliza maji ya sabuni jioni, kila baada ya siku nne, mara tatu. Mmea uliojaa sana ng'oa uchome. Vumbi la rangi ya chungwa lililopangwa kwa mistari inayokata jani kwa upana ni kutu. Asili yake ni huku kwetu Afrika, na nchi nyingine huizuia mipakani. Kata jani mapema, choma, usilitupe kwenye mboji. Dalia yenye majani ya madoa ya manjano na kimo kidogo ina virusi, haiponi. Ng'oa yote na viazi vyake, na kisu ukipanguse kwa spiriti kabla ya kugusa nyingine.

Kukata

Kabla ya saa tatu asubuhi, na ndoo ya maji ya mvua uwe nayo hapo hapo. Gladiola hukatwa maua mawili ya chini yakianza kuonyesha rangi. Mengine yatafunguka ndani ya nyumba. Ingiza kisu kimshazari na uache majani manne yasiyoguswa, maana hayo ndiyo yatakayolisha tunguu la mwakani. Ukitamani shina refu na kuchukua majani yote, umekula mbegu. Beba mashina yakiwa wima: ukiyalaza kwenye gari hata saa chache, ncha zinainuka kutafuta juu na hazinyooki tena. Chombo cha nyumbani kiwe na maji ya mvua pia, la sivyo kingo za maua zitaungua vilevile.

Dalia kata ikiwa imefunguka karibu yote, kwani kichwa kilichofumba hakitafunguka chomboni. Tuberosi ikifungua mawili au matatu ya chini inatosha, na usiiweke chumba cha kulala kama kuna anayeumwa kichwa upesi.

Kulaza

Hapa mpango wangu una kasoro, na sitaificha. Gladiola inatakiwa ibaki ardhini wiki sita hadi nane baada ya maua ili tunguu jipya linenepe, na hizo wiki zinaangukia Aprili na Mei, mvua ikiwa kali. Ninachofanya ni kuinua bedi sentimita 20 juu ya njia tangu mwanzo, maji yakimbie. Majani yakianza kuwa manjano nusu, katikati ya Mei hivi, nachimba kwa uma wa shamba siku mbili zisizo na mvua zikifuatana.

Ukichimba utaona jambo la kupendeza: tunguu ulilopanda limesinyaa kama kizibo cha zamani, na juu yake limekaa jipya, jeupe, linang'aa. Kata majani, acha kisiki cha kidole. Yatandaze kwenye magazeti mahali pakavu penye upepo, chini ya paa; mimi natumia stoo ya mahindi ikiwa tupu. Baada ya wiki mbili au tatu zungusha la zamani kwa kidole gumba: likibanduka lenyewe, limekauka, likigoma, ongeza siku. Lenye madoa meusi yaliyozama tupa.

Kisha nayapanga kwenye trei za mayai, zile za karatasi, moja kwa kila shimo, juu ya kabati lisiloguswa na jua. Rangi naiandika kwa kalamu kwenye trei. Baridi ya Julai inafanya kazi yake bila kuiomba: tunguu jipya huwa kwenye usingizi mzito ambao ubaridi huuvunja, na kufikia Novemba macho yanaanza kuchungulia. Kwenye maeneo ya joto usingizi huu hauvunjiki vizuri, kwa hiyo mkulima wa huko atumie droo ya chini ya friji kwa wiki sita hadi nane, kwenye mfuko wa karatasi, mbali na ndizi na maembe yaliyoiva, kwani hewa ya tunda bivu huharibu chipukizi la ua ndani ya tunguu.

Dalia siichimbi kila mwaka. Julai naikata hadi kimo cha goti, inapumzika, na kila mwaka wa pili Oktoba naichimba na kuigawa kwa kisu, kila kipande na jicho lake. Vikingoja kupandwa navizika kwenye maranda makavu ndani ya kreti. Tuberosi inabaki ardhini, bora isituamiwe na maji.

Kwa wa Kisumu na wa magharibi

Kisumu iko chini sana kuliko Nakuru, zaidi kidogo ya mita 1,100, na joto linakimbiza kila kitu. Gladiola itachanua siku 65 hadi 80, kwa hiyo panda mwishoni mwa Desemba. Dalia itakusumbua, usiku haupoi. Weka nguvu kwenye tuberosi, kana na gloriosa. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, usiupandie moja kwa moja: jenga bedi la sentimita 30 juu yake kwa mchanga wa mto na mboji. Kakamega na Kisii shida ni mvua isiyokatika na udongo wenye tindikali. Chokaa kidogo ya shamba, bedi lililoinuka, na upande wa nyumba unaokingwa na paa.

Yale madogo

Chini ya kila tunguu jipya la gladiola kuna vitoto vigumu vya ukubwa wa mbaazi, wakati mwingine zaidi ya ishirini. Wengi huvikung'uta pamoja na udongo. Vikusanye kwenye kopo, na Novemba viloweke usiku mmoja maana ganda lake ni gumu, kisha uvipande kama vitunguu, mstari mmoja kando ya sukumawiki, kina cha sentimita 5. Mwaka wa kwanza vitatoa majani kama nyasi. Mwaka wa pili vingine vitachanua, na vingi vitangoja wa tatu. Mwagilia maji ya mvua hata hivyo; ncha zake huungua upesi kuliko za wakubwa.